Baada ya Njia Panda: Uamuzi wa Pili katika Ngano na Tamthilia, na Nafasi Yake katika Madarasa ya Kitui na Makueni

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa ngano zilizoenea sana Afrika Mashariki imo ile ya msichana aliyewakataa wachumba wote wa kwao, akamfuata mgeni mtanashati ambaye baadaye alibainika kuwa zimwi. Huko Ukambani zimwi huyo huitwa eimu. Ngano hii inapofundishwa shuleni, aghalabu huzuka swali moja: je, msichana alifanya vyema kuwakaidi wazazi wake? Jibu hujulikana hata kabla ya swali kuulizwa. Methali ya asiyesikia la mkuu huandikwa ubaoni kuwa ndiyo funzo, na somo likakoma.

Ngano yenyewe, hata hivyo, haikomi hapo. Tukio la kuwakataa wachumba huchukua sehemu ndogo tu ya utambaji. Sehemu iliyo kubwa, tena yenye msisimko, huhusu yanayofuata: msichana anatambua yumo nyumbani mwa nani, inambidi aamue kunyamaza au kupiga mayowe, kutoroka usiku uleule au kungoja, kumwamini au kutomwamini anayejitokeza kumsaidia. Kila uamuzi humzalia mwingine. Methali hutuonya kwamba guu litavunjika. Haisemi aliyevunjika guu atatembeaje. Ngano ndiyo inayosema.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba shughuli za ubunifu darasani zinazohusu uamuzi hupoteza thamani yake ya kifasihi pale zinapoishia kwenye njia panda ya kwanza. Inadaiwa hapa kuwa maarifa ya fasihi kuhusu uamuzi hayakai katika swali la kuchagua jema au baya, bali katika uamuzi wa pili na wa tatu, yaani namna mhusika anavyochagua akiwa tayari amebanwa na alichokwisha kuchagua yeye mwenyewe au alichochaguliwa na wengine. Maeneo ya Kitui na Makueni yameteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, fasihi simulizi ya Wakamba imehifadhiwa kwa maandishi kwa muda mrefu: katika kazi za Gerhard Lindblom mwanzoni mwa karne ya 20, katika Akamba Stories (1966) ya John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, na katika mkusanyo wa Mwikali Kieti na Peter Coughlin wa mwaka 1990. Pili, maisha ya eneo hili lenye mvua haba ni maisha ya maamuzi yanayofuatana, ambapo la leo hupunguza au huongeza la kesho. Mwanafunzi wa huko huingia darasani akiwa na ujuzi huo.

2.0 Uamuzi kama suala la muundo

Katika Poetics, Aristotle alishikilia kuwa tabia ya mhusika hudhihirika katika kile anachokichagua au kukiepuka pale ambapo la kuchagua si bayana. Kauli hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Inamaanisha kwamba tabia haitangulii uamuzi kama chungu kinavyotangulia maji. Tabia huumbika machoni pa hadhira kadiri maamuzi yanavyoongezeka. Mhusika aliyefanya uamuzi mmoja tu bado hajajulikana.

Wanamuundo waliutazama uamuzi kwa jicho jingine. Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa ngano za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928, alibainisha majukumu 31 yanayofuatana kwa mpangilio usiobadilika. Katika mpangilio huo shujaa hupigana kwa sababu ni lazima ashinde. Mwaka 1966 Claude Bremond alitoa pingamizi lililo na manufaa makubwa kwa mwalimu wa fasihi. Alieleza kwamba kila tukio katika masimulizi hufungua uwezekano, na uwezekano huo waweza kutimizwa au kutotimizwa. Ukitimizwa, waweza kufaulu au kushindwa. Shujaa anayeingia vitani angeweza kukimbia, na angeweza kushindwa. Ploti, kwa mtazamo huo, ni njia iliyopita katika panda nyingi, na njia iliyosimuliwa hupata maana yake kutokana na zile zisizosimuliwa.

Hapana shaka kwamba mtazamo wa Bremond ndio unaowezesha shughuli ya darasani ya kusimamisha hadithi na kuuliza, "Sasa je?" Hata hivyo, una upungufu mmoja. Panda za Bremond ni za kimantiki, na kwa hiyo hazina gharama. Kwake, tawi lisilofuatwa ni uwezekano uliofutika tu. Katika ngano na katika tamthilia, tawi lililofuatwa huacha deni, na deni hilo hulipwa na mtu fulani, mara nyingi mtu ambaye hakushiriki katika uamuzi. Shughuli ya darasani inayosahau deni hilo hugeuka kuwa mchezo wa kubahatisha. Ni kwa kigezo hiki cha deni kwamba sehemu zinazofuata zinapima ngano, tamthilia na hatimaye shughuli zenyewe.

3.0 Uamuzi katika ngano: unaorudishika, usiorudishika na unaorekebishika

Ngano na mafumbo yanayofahamika katika eneo hili hayaushughulikii uamuzi kwa namna moja. Yawezekana kubainisha angalau aina tatu.

Aina ya kwanza ni ya uamuzi unaorudishika. Mfano wake bora ni chemshabongo ya mtu mwenye chui, mbuzi na majani, anayetaka kuvuka mto kwa chombo kinachobeba yeye na kitu kimoja tu. Fumbo hili linajulikana pwani na bara. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Ufumbuzi wake unahitaji safari saba, na siri yake imo katika safari ya nne, pale ambapo mvukaji, baada ya kumfikisha chui ng'ambo, humrudisha mbuzi alikotoka. Wengi hushindwa kwa sababu huchukulia kwamba kilichokwisha kuvushwa hakirudi. Fumbo linafunza kwamba kusonga mbele kwaweza kudai kurudi nyuma. Lakini mvukaji hapotezi kitu akilitatua, na ufumbuzi ukishajulikana fumbo limekwisha. Hapa uamuzi huzaa uamuzi, lakini hauzai deni.

Aina ya pili ni ya uamuzi usiorudishika. Kisasili cha Wakamba kuhusu asili ya mauti, kilichorekodiwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, humhusu kinyonga aliyekabidhiwa ujumbe wa kuwapelekea wanadamu kwamba hawatapotea wakifa. Kinyonga alijikokota na kusitasita katika kusema. Ndege akatangulia kutamka kinyume chake, na neno la ndege likawa ndilo. Katika kisasili hiki mna maamuzi matatu yanayofuatana: kumteua mjumbe mwepesi au mzito, kusema au kusita, kumkatiza msemaji au kumngoja. Kila mmoja ni mdogo, na hakuna hata mmoja ambao peke yake ungeonekana kuwa wa kuangamiza. Uzito wao hutokana na kufuatana kwao. Neno likishatamkwa, hakuna safari ya nne ya kumrudisha mbuzi.

Aina ya tatu, ambayo ndiyo tajiri zaidi, ni ya uamuzi unaorekebishika lakini usiofutika. Humo ndimo iliwamo ngano ya msichana na eimu. Katika baadhi ya matoleo ya ngano hii, anayemwokoa msichana ni mdogo wake ambaye alimkataza kuandamana naye. Mdogo huyo hufuata kwa siri, ndiye anayegundua kwanza, na ndiye anayepaswa kusadikiwa. Hapo ngano inaweka mbele ya msichana uamuzi mgumu kuliko ule wa kuteua mume: akubali kuongozwa na yule aliyemdharau, au ashikilie kiburi chake na kuangamia. Hawezi kuufuta uamuzi wa kwanza. Hata akirudi nyumbani, harudi kama alivyotoka. Lakini uamuzi wa kwanza haukumfungia yote. Swali la darasani linaloishia kwenye utii wa wazazi hufuta sehemu hii nzima, na pamoja nayo hufuta ukombozi, nafasi ya mdogo mtu, na mabadiliko ya mhusika mkuu. Kinachosalia ni onyo tu.

Ikumbukwe pia kwamba zipo ngano za mtanziko, ambazo William Bascom alizikusanya kwa wingi kutoka pande mbalimbali za Afrika katika kitabu chake cha mwaka 1975. Mtu aliye katika chombo kinachozama pamoja na mama yake na mke wake amwokoe nani? Ngano za namna hii hukabidhi hadhira uamuzi na kunyamaza. Walimu huzipenda, na kwa haki, kwa kuwa huzua mjadala. Udhaifu wake kwa madhumuni ya makala haya ni kwamba hunyamaza mapema. Aliyemwokoa mama atarudi kwa wakwe zake na kusema nini? Aliyemwokoa mke ataishi naye vipi chini ya kivuli cha mama aliyezama? Mtanziko humpa mwanafunzi njia panda, haumpi njia. Mwalimu anayeutumia hana budi kuuendeleza.

4.0 Majina ya njaa kama masimulizi ya maamuzi

Fasihi simulizi ya Ukambani ina utanzu mdogo ambao haujapewa nafasi inayostahili katika vitabu vya shule, nao ni majina ya njaa. Kila ukame mkubwa umepewa jina, na jina hilo ni masimulizi yaliyofupishwa. Njaa ya mwishoni mwa miaka ya 1890 inajulikana kama Ngomanisye. Ya mwaka 1961 iliitwa Ndeke kwa sababu ya ndege zilizodondosha chakula. Ile ya mwaka 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, maana yake ni kwamba mtu anakufa huku ameshika, yaani anakufa akiwa na fedha mkononi.

Jina hili la mwisho lastahili kuhakikiwa kama vile beti la shairi linavyohakikiwa. Msemaji ni wa nafsi ya kwanza, na anasema akiwa anakufa. Anachoshika hakitajwi, hadhira hukijaza yenyewe. Ndani ya maneno mawili umefichwa mfululizo mzima wa maamuzi: mtu alikuwa na kitu, akakigeuza kuwa fedha akitarajia kwamba fedha zitampa uamuzi wa pili, yaani kununua chakula, akafika kwenye uamuzi huo na kukuta haupo, kwa kuwa chakula chenyewe hakikuwapo sokoni. Aliyelitunga jina hilo hakumlaumu aliyeuza mfugo wake. Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa busara. Kilichovunjika ni mnyororo.

Hapa panajitokeza jambo ambalo ngano ya eimu pekee haikulidhihirisha. Njia panda hudokeza msafiri aliye huru, anayesimama na kutazama kushoto na kulia. Nikw'a Ngwete hukumbusha kwamba panda nyingine huzibwa na wengine au na mbingu. Katika Kitui na Makueni, ambako wakulima hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi hadi Mei, familia huamua kila msimu ipande mahindi au mtama na mbaazi, iuze mbuzi mapema angali mnene au imweke kwa matumaini, imwache mtoto shuleni au imtafutie kibarua. Mwanafunzi anayetoka katika familia hiyo anajua kwamba si kila aliyeharibikiwa alichagua vibaya. Somo la fasihi linalompa ngano zenye adhabu tu humnyima lugha ya kulisema analolijua.

5.0 Sudi na Ashua: uamuzi unaorudi kwa bei ya juu

Mjadala huu haukomei katika fasihi simulizi. Tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa katika shule za upili za Kenya kati ya mwaka 2018 na 2022, imesukwa juu ya kanuni iyo hiyo. Mchongaji Sudi anatakiwa kuchonga kinyago kwa ajili ya sherehe za utawala wa Majoka katika jimbo la Sagamoyo. Anakataa. Katika majibu ya mtihani, tukio hili hutoa neno moja: Sudi ni jasiri, au ana msimamo thabiti. Neno hilo si la uwongo, lakini limeukata uamuzi kutoka katika wakati wake.

Tamthilia inaonyesha kukataa kule kukilipiwa. Sudi akikosa kazi, nyumba yake hukosa riziki. Mkewe, Ashua, anakwenda kwa Majoka kutafuta msaada. Ziara hiyo inaishia kwa yeye kutiwa kizuizini, na kizuizi hicho kinageuzwa kuwa chambo. Sudi anaelezwa kwamba akichonga, mkewe atafunguliwa. Swali la mwanzo limerudi vilevile, kuchonga au kutochonga, ila bei yake imebadilika. Mwanzo lilihusu heshima na tumbo. Sasa linahusu mwili na uhuru wa mtu mwingine. Hii ndiyo mbinu kuu ya kimuundo katika tamthilia: uamuzi uliokwisha kufanywa haukai ukafanyika mara moja, bali hudaiwa upya. Ujasiri wa Sudi katika onyesho la mwanzo haufanani na wa baadaye hata kama maneno yake yanafanana, kwa sababu wa kwanza aliulipa yeye na wa pili unalipwa na Ashua.

Ashua naye hana budi kutazamwa kwa kigezo kicho hicho. Akichambuliwa kwa sifa pekee, atahukumiwa kuwa dhaifu au mwenye tamaa. Akitazamwa katika mnyororo, anaonekana kuwa mtu aliyerithi uamuzi usiokuwa wake. Kukataa kwa Sudi ndiko kulikomwacha na sufuria tupu. Uamuzi wake wa kwenda kwa Majoka ni uamuzi wa pili wa familia iliyofanya wa kwanza bila yeye. Mhakiki anaweza kuendelea kumlaumu, lakini hawezi tena kumlaumu bila kumgusa Sudi.

Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia inatoa upande wa pili wa jambo hili. Gege anamwua Mwelusi, ndugu yake, baada ya kushawishiwa kwa ahadi ya kumpata Alida, binti wa Mtemi Bokono. "Msaliti" ndilo neno analopewa. Lakini hakuna anayelala akiwa ndugu na kuamka akiwa muuaji. Kusikiliza, kukubali kuahidiwa, kunyamaza mbele ya mwathiriwa: kila hatua ilikuwa na mlango wa kutokea, na kila mlango uliofungwa uliufanya unaofuata uwe mwembamba zaidi. Neno "msaliti" hutaja mwisho wa safari na kuificha safari. Kama Sudi anaonyesha uamuzi unaopanda bei, Gege anaonyesha uamuzi unaopunguza mengine hadi likasalia moja tu.

6.0 Shughuli za darasani na vigezo vyake

Tangu mkutano wa walimu wa fasihi uliofanyika Nairobi School mwaka 1974, fasihi simulizi imepiganiwa na kupata nafasi katika mitaala ya Kenya. Mtaala wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliipa nafasi, na mtaala wa umilisi, ambao mfumo wake ulitolewa mwaka 2017, uliweka uwazaji kina na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi wa msingi. Kimani Njogu na Rocha Chimerah, katika Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu (1999), waliwapa walimu msingi wa kuyafanya haya kwa Kiswahili. Hivyo basi, suala si kama shughuli za ubunifu ziruhusiwe. Suala ni zifanywe kwa kanuni gani ili zibaki kuwa somo la fasihi. Shughuli tatu zinatosha kulidhihirisha hili.

Ya kwanza ni kukatiza utambaji. Mwalimu, akiwa fanani, husimamisha ngano ya eimu na kuwaachia wanafunzi waiendeleze. Kasoro ya kawaida ni kusimama mara moja tu, na mahali penyewe pakawa pale pa kumteua mume. Njia yenye mavuno zaidi ni kusimama mara tatu, na makundi yapokezane: kundi la pili lipokee uamuzi wa kundi la kwanza, la tatu lipokee wa la pili. Kanuni iwe moja na isivunjwe: hakuna kundi linaloruhusiwa kuufuta uamuzi liliourithi. Kundi likirithi msichana aliyepiga mayowe usiku na kumwamsha eimu, litatunga kuanzia hapo. Kanuni hii huwafunza wanafunzi kwa vitendo kile ambacho Ashua anakifahamu, yaani kuchagua katika hali iliyoumbwa na wengine. Aidha, huwafunza nidhamu ya msuko, kwa kuwa tukio lisilotokana na lililotangulia hutambuliwa mara moja na wenzao.

Ya pili ni ramani ya njia. Maamuzi ya mhusika huchorwa ubaoni kama mto na vijito vyake, na kando ya kila kijito huandikwa majibu ya maswali mawili: ni nani aliyeamua, na ni nani aliyelipa? Ramani ya Sudi ikichorwa hivyo, majina yaliyo upande wa kuamua hayalingani na yaliyo upande wa kulipa, na tofauti hiyo yenyewe ni dhamira ya tamthilia. Mwanafunzi ataifikia bila kukaririshwa. Majina ya njaa yanaweza kuwekwa katika ramani ya namna hii pia, jina likiwa kwenye mlango wa mto na darasa likipanda kuelekea chemchemi: ni maamuzi yapi yaliyotangulia hata mtu akafa ameshika?

Ya tatu ni jukwaa la hadhira. Augusto Boal, katika miaka ya 1970, aliasisi namna ya uigizaji ambamo mtazamaji husimamisha mchezo, akaingia mahali pa mhusika na kujaribu njia nyingine. Afrika Mashariki ina mfano wake wa karibu katika mradi wa TUSEME, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1996 na wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, ambamo wasichana wa shule za sekondari walitumia sanaa za maonyesho kuyabainisha na kuyajadili matatizo yao. Hatari ya jukwaa hili ni kwamba mwanafunzi hupenda kuingia mapema. Akishika nafasi ya Gege kabla ya ahadi, atakataa, na mchezo utakwisha kwa makofi. Hatakuwa amejifunza lolote ila kwamba yeye ni mwema kuliko Gege. Afadhali aingie akiwa amechelewa, ahadi ikiwa imekwisha kukubaliwa, na ajaribu kutoka katika mlango mwembamba uliosalia.

Utamaduni wa vitendawili unazo tayari kanuni za mchezo wa namna hii. Mkamba husema, "Kwata ndai!" na mwenzake hujibu, "Nakwata!" Katika uteguaji wa Kiswahili, aliyeshindwa hudaiwa mji, huutaja, mwenye kitendawili akaukubali au akaukataa, na mchezo ukaendelea. Kushindwa kuna bei, lakini hakumtoi mtu mchezoni. Shughuli ya darasani inayomtoa nje mwanafunzi aliyekosea katika njia panda ya kwanza imepungukiwa na hekima ambayo watoto huwa nayo jioni wanapotegeana.

Pingamizi mbili zinatarajiwa. Ya kwanza ni ya mtihani. Mwanafunzi anayetakiwa aeleze muktadha wa dondoo kwa alama nne hana nafasi ya kuchora mito. Pingamizi hili lina uzito, lakini muktadha ni nini kama si kujua ni maamuzi gani yaliyomfikisha msemaji mahali anaposemea? Aliyechora njia ya Ashua hatapotea katika dondoo lake. Pingamizi ya pili ni ya kimaadili: kwamba kuandamana na mhusika katika matokeo ya kosa lake ni kulihalalisha kosa. Hili lahitaji jibu la wazi. Kenya imekuwa na sera ya kuwarejesha shuleni wasichana waliopata mimba tangu mwaka 1994, na miongozo mingine ya kuwarejesha wanafunzi ilitolewa mwaka 2020. Maana yake ni kwamba katika darasa lolote la Kitui au Makueni huenda ameketi mwanafunzi ambaye kwake njia panda ya kwanza imekwisha kupita. Ngano ya eimu ikifundishwa kwa methali ya ubaoni, itamwambia kwamba hadithi yake imefika mwisho. Ikifundishwa yote, itamwonyesha msichana aliyekosea, aliyelipa, na ambaye bado ana la kuamua.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa uamuzi katika fasihi hauwezi kuhakikiwa ukiwa peke yake. Fumbo la chui na mbuzi, kisasili cha kinyonga, ngano ya eimu, jina la njaa na tamthilia ya kisasa zote huonyesha, kila moja kwa namna yake, kwamba thamani ya uamuzi hudhihirika katika maamuzi yanayoufuata, na kwamba anayelipa si lazima awe aliyeamua. Imedaiwa pia kwamba mazoea ya kuorodhesha sifa za wahusika na mafunzo ya ngano huufuta ufuatano huo, na kwamba shughuli za ubunifu zitaurudisha tu iwapo zitamlazimu mwanafunzi kurithi uamuzi asioweza kuufuta.

Hii haimaanishi kwamba darasa liache matini na kubuni litakavyo. Baada ya kila tawi lililobuniwa, swali la uhakiki ni lilelile: kwa nini mtunzi au jamii iliyotamba iliteua njia hii badala ya ile? Mwanafunzi aliyewahi kuchagua kwa niaba ya mhusika, akayaona madeni ya uamuzi wake, huliuliza swali hilo kwa dhati. Utafiti zaidi unahitajika hasa kuhusu majina ya njaa, ambayo wazee wa Kitui na Makueni wangali wanayakumbuka pamoja na visa vyake. Visa hivyo havikukusanywa kwa ajili ya kufunzia maadili. Vilihifadhiwa na watu waliotaka watoto wao wajue kwamba mwaka ulikuwa mbaya, kwamba kuna aliyeuza na kuna aliyebakiza, na kwamba asubuhi iliyofuata kila mmoja wao alilazimika kuamua tena.